Fundi Anayepima kwa Kamba

Jumatatu, saa mbili asubuhi, sokoni Kibwezi. Mulei Muthama anatandaza kitambaa cheupe mezani, anashika mkasi, kisha anashusha pumzi. Ni cha gauni la harusi ya bintiye, Mbula, Jumamosi hii. Hakuna kitambaa kingine.

"Ukikosea, mtoto ataolewa na shuka," mkewe, Kalondu, anamtania, lakini macho yake hayabanduki kwenye mkasi.

Ana sababu. Mwaka jana, 1986, kiharusi kilimwangusha fundi huyu wa miaka hamsini na sita. Mikono ilipona, namba hazikurudi. Hata leo akitazama tepu haoni ila mistari. Ukimwuliza ana watoto wangapi, anakutajia majina yao.

Wateja kumi na wawili kwa wiki walibaki wawili. Mmoja wao alikuwa Abdow, mfanyabiashara wa ng'ombe. Mguu mmoja wa suruali yake ulifika kisiginoni, wa pili ukaishia gotini.

"Mzee, hii ni suruali ama kaptura?" Abdow alimwuliza.

Mulei anacheka sasa. Siku ile alilia. "Suruali mzuri nilikuwa naijua tu kwa kichwa," anasema. "Njia ya kufika huko ndio ilipotea."

Njia hiyo aliiona tena kwenye mnada wa ng'ombe, alikokwenda kumwomba Abdow radhi. Alimkuta akizungusha kamba kifuani mwa fahali, akipiga fundo, kisha akiilinganisha na kamba ya fahali aliyeuzwa wiki iliyotangulia. Hakutaja namba hata moja.

Mulei alirudi dukani mbio. Tangu hapo kila mteja ana kamba yake ya katani ukutani: uzi mwekundu unaonyesha mwisho wa bega, mweusi kiuno, wa kijani urefu.

"Abdow alisema nimempima kama ng'ombe," anasema. "Lakini suruali ilimtosha! Kichwa ni kama punda ya maji. Funga njia yake, atapita kwa shamba ya mtu, lakini mtoni atafika."

Kamba sasa ni arobaini na tatu. Kalondu ndiye aliyezihesabu.

Mulei analaza kamba ya Mbula juu ya kitambaa, anaweka alama ya chaki, anakata.

Alhamisi, Mbula analivaa gauni. Linamkaa sawasawa, kuanzia begani hadi kwenye vidole vya miguu.

"Baba, imenitosha!"

Kalondu anageukia ukuta na kujifuta machozi kwa leso. Mulei yeye anatafuta nyundo, anapigilia msumari mpya kando ya kamba ya bintiye.

"Hiyo ni ya nani tena?" Kalondu anauliza.

"Ya mjukuu," anajibu. "Kamba yake itakuwa fupi, na nguo yake ya kwanza nitashona mimi."