Kikapu cha Nyuzi za Salfeti

Jumamosi ile niliingia darasani Kagarama, hapa Kigali, nimekikumbatia kikapu cha Bibi kifuani, na kabla sijakaa nikasikia msichana mmoja akicheka: "Eeh, hii nayo iko utamaduni? Si iko plastiki?" Nilitaka kumjibu vibaya. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, utanisamehe. Lakini mwalimu wetu, mama mtu mzima anayefundisha kozi ya vikapu vya asili katika chuo kile cha jamii, alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akakitazama kitako chake.

Sisi tulikulia Tanzania, upande wa Kagera. Wazee wetu walikimbia Rwanda na kile walichoweza kubeba, na katani ya kusukia haikuwamo. Bibi akaangalia huku na huku, akaona magunia ya salfeti, yale ya plastiki ya mbolea na sukari, yanatupwa nyuma ya maduka. Basi kazi yangu kila nikitoka shule ikawa kuyafumua. Nakaa kwenye mkeka, nashika uzi kwa meno, navuta. Unatoka na mlio mkavu, krrr, na vumbi la mbolea linawasha pua mpaka machozi. Nyeupe huku, bluu kule. Jikoni maharage yanatokota, moshi wa kuni umetanda, na Bibi anasuka, akizizungusha nyuzi kwenye mafungu ya nyasi, huku akijisemea Kinyarwanda chake cha zamani. Nikilalamika kwamba nyuzi zinanikata vidole, ananiambia aliye ugenini hachagui uzi. Nikimwomba anifundishe kusuka, ananifukuza: nenda kasome. Nikasoma kweli. Ndiyo hasara yenyewe.

Bibi alifariki hukohuko na tukamzika hukohuko, kisha sisi tukarudi Rwanda. Kitu chake kilichorudi nasi nyumbani ni kikapu hicho kimoja. Miaka yote kilikaa kabatini kwa Mama, mtaani Rebero, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukifunua, mpaka nilipomwomba nikipeleke darasani nijifunze kusuka kama Bibi. Siku ambazo majirani wanakwenda kupalilia makaburi ya watu wao, Mama alikuwa anakitoa na kukifuta vumbi. Huku hakuwa na kaburi la kupalilia.

Sasa, kule darasani, mwalimu akatueleza shida. Uzi wa salfeti unateleza, na kianzio cha kawaida cha kikapu, pale kitakoni, hakiushiki. Alijaribu mara tatu mbele yetu, mara tatu ukaachia. Bibi alikuwa na namna yake, lakini aliifunika kwa mzunguko wa pili wa nyuzi, haionekani ndani wala nje. Wanawake waliosuka hivyo ukimbizini wamekwisha, alisema, na yeye kikapu kingine kama hiki hajakiona. Kisha akasema, macho chini, kwamba njia ni moja tu: kukifumua. Na nyuzi zenyewe zimekauka kwa uzee, zikitoka hazirudi.

Nilikinyakua nikaondoka bila kuaga. Nyumbani nikamweleza Mama, nikitegemea atakasirika pamoja nami. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka sinia ikaisha.

"Fumua," akasema. "Lakini ufumue mimi nikiwapo."

Jumamosi iliyofuata alikuja amevaa mushanana, lile vazi la Kinyarwanda la kufunga begani, analovaa kanisani, akaketi mbele kabisa. Nikaanza kwenye mdomo wa kikapu, mzunguko baada ya mzunguko, na uzi ukawa unakatikakatika mkononi mwangu. Yule msichana aliyecheka ndiye aliyenimulikia kwa simu yake. Nililia, wala sikujificha. Tulipofika kitakoni mwalimu akanizuia mkono, akainama, akatazama. Bibi alikuwa amepitisha uzi mara mbili katikati ya nyasi, akaurudisha chini ya uzi uleule kabla ya kuukaza. Basi. Jambo dogo namna hiyo. Mwalimu akaliiga kwa uzi mpya, likashika. Akalirudia polepole, na kabla kipindi hakijaisha wanawake kumi na wawili walikuwa kila mmoja na kitako cha kikapu chake magotini.

Nilidhani nitafurahi, na nilifurahi, lakini iliniuma. Mkono wa Bibi tumeupata, ila yale mengine nani atayafundisha? Ule mlio wa uzi ukitoka kwenye gunia sijausikia tena popote. Kinyarwanda chake kilikuwa na maneno ambayo hata hapa Kigali nikiyasema vijana wananitolea macho, na mengi nimeyasahau mwenyewe, maana niliambiwa nisome na masomo hayakuwa ya lugha hiyo. Hakuna darasa la kumrudisha bibi anayejisemea jikoni.

Watu walipoanza kutoka, Mama akapiga magoti sakafuni. Akakusanya vipande vyote, nyuzi na nyasi, hata vilivyokuwa chini ya madawati, akavifunga kwenye leso yake na kulikaza fundo. Nikamuuliza anavipeleka wapi.

"Makaburini," akasema. "Sasa tuna cha kuzika."