Kifaa Huambiwa Kwanza

Fundi wa kompyuta wa kiwanda cha karatasi, mjini Oulu, hazimi kitu kwa pupa. Huvua pete, hubandika kiganja kwenye kabati la mitambo kama anayepima homa ya mtoto, ndipo aanze: diski kwanza, zimalize kuandika na kutulia, feni baadaye, umeme mwisho kabisa. "Kifaa huambiwa kwanza, ndipo kikatiwe," humwambia meneja wake, Aulis, kwa sauti yake ya mafua, huu mwaka wa kumi na tisa. Aulis hucheka. "Dada, hiyo ni mashine, si mgonjwa."

Ijumaa alikuwa anaizima mitambo ya zamani kwa mara ya mwisho. Diski zikimalizia kuandika, akatoka kuchukua kahawa. Kurudi, mlango ukaikataa kadi yake. Akaipangusa kwenye sweta, akajaribu tena. Ndani, nyuma ya kioo, Aulis alijua sababu: ni yeye aliyelifuta jina la fundi kwenye mfumo wa milango saa sita kamili, na barua ya kumwachisha kazi ilikuwa bado mfukoni mwake. Alipanga kuitoa alasiri, pamoja na keki.

Akamfungulia. "Samahani, dada. Nilikuwa nakuja kukuambia..."

"Sogea. Diski ya tatu bado inazunguka."

Akabandika kiganja, akangoja mpaka ikanyamaza, akakata umeme. Kisha akavaa pete yake na kumwekea Aulis kadi mkononi.

"Umeona? Kuiambia kwanza hakuchukui hata dakika."