Niliseti Picha ya Televisheni, Rafiki Yangu Akapofuka

Admin, jina langu lifiche, maana hapa Nyarugusu tunajuana mpaka kwa kikohozi. Wajukuu mnaosoma, nasubiri shikamoo zenu. Haya, marahaba. Mimi ni mzee wa miaka sabini na minne, darasa la nne sikulimaliza, naandika kwa kidole kimoja na hicho nacho kina baridi yabisi. Mkiona nimekosea herufi, nyamazeni.

Miaka ya tisini nilikuwa nabeba maboksi kwenye duka la Mhindi mmoja Shinyanga mjini, muuza televisheni. Huko ndiko nilikojifunza kuseti picha. Unafungua kifuniko cha nyuma, unasimamisha kioo cha kujitazamia kule mbele ili uione picha ukiwa nyuma, halafu unazungusha skrubu kwa bisibisi, polepole kama unamtoa mtoto mwiba. Dhahabu ilipochangamka huku nikahamia, nikajiita Fundi wa Picha. Wachimbaji walikuwa wananunua televisheni kabla ya kitanda, na mimi nikawaaminisha kwamba televisheni isiyosetiwa na mtaalamu ni redio yenye taa.

Juzi humu mliulizana kama kuna faida ya kumlipa fundi aseti picha. Nawajibu bure: mara ya kwanza ipo. Dukani huwa wameikoleza ili ivutie wateja, ukiifikisha nyumbani watu wote wana nyuso za nyanya. Ikishasetiwa, basi. Ukiona fundi anarudi mara ya nne, amefuata kuku.

Mimi nilifuata kuku, kwa Baba Kulwa.

Baba Kulwa alikuwa rafiki yangu, ana duara lake, yaani shimo la dhahabu, na televisheni kubwa ya kuendeshwa kwa jenereta. Mkewe, Mama Kulwa, mtu wa Masumbwe, alikuwa anaunga kuku kwa karanga mpaka unasahau kwenu ni wapi. Nikienda pale napewa kiti chenye mto, naitwa mtaalamu. Mtu wa darasa la nne kuitwa mtaalamu, nyinyi wenye digrii hamwezi kujua utamu wake.

Siku moja akaniita. "Fundi, picha inaliwa pembeni. Naona watu wa katikati tu."

Nikatazama, picha imejaa kioo chote. Nikaipanua hivyo hivyo, mpaka watu wakanenepa kama magunia ya pamba. "Sasa je?"

"Afadhali kidogo."

Nikala kuku. Akaniita tena, na tena. Mara ya nne ndipo nilipojua. Mama Kulwa alimwekea chai kwenye kigoda upande wa kushoto, karibu kabisa na goti lake. Baba Kulwa akauliza, "Chai yangu iko wapi?"

Mama Kulwa akanigeukia mimi. "Fundi, picha ni nzima. Macho yake ndiyo mabovu. Mwambie aende hospitali, wewe anakusikiliza."

Wajukuu, mimi nilikuwa na bisibisi mkononi na kuku anachemka jikoni. Nikikubali kwamba picha ni nzima, basi mara zote tatu nilikuwa tapeli. Nikacheka. "Mama Kulwa, mambo ya picha tuachie wataalamu. Televisheni hii imechoka kwa vumbi la machimbo." Nikazungusha skrubu ambayo haina kazi yoyote.

"Umesikia?" mumewe akamwambia. "Rudi jikoni."

Yule mama akasimama mlangoni, akasema taratibu, "Utapofuka, Baba Kulwa. Mimi nimesema."

Mwaka haukuisha, akapofuka macho yote mawili. Daktari wa Mwanza akasema ni presha ya macho, angewahi wangeuokoa uoni uliokuwa umebaki. Lakini Baba Kulwa hakushika ya daktari, alishika ya mkewe. "Amenitamkia mabaya na yamenipata," akawaambia wazee wa ukoo. Huku kwetu neno la namna hiyo likishasemwa kikaoni, hakuna wa kulizoa. Mama Kulwa akarudishwa kwao Masumbwe, wanawe mapacha, Kulwa na Dotto, wakabaki kwa baba yao, wadogo bado.

Kikao kile nilikuwepo. Wakaniuliza, "Fundi, ulimsikia akitamka?" Nikajibu, "Nilimsikia." Ilikuwa kweli tupu, na katika maisha yangu sijasema uongo mkubwa kuliko ule.

Mpaka leo kila Jumapili niko kwake. Ananiambia niwasetie wajukuu zake picha kwenye hizi televisheni bapa, na mgeni akija anamwambia, "Huyu alipigania macho yangu kuliko mke wangu." Nimejaribu kumwambia. Nafungua mdomo, najikuta nazungumzia mvua. Wenzetu wote wameshazikwa, tumebaki wawili. Akinifukuza nitamtania nani?

Sasa Dotto, ambaye leo ni mtu mzima na familia yake, amekuja kwa baba yake nami nimekaa pale pale. "Baba, mama anaumwa. Anataka kukaa karibu na sisi siku zake hizi. Jumamosi namleta."

"Mdomo ule hauingii kwangu," akajibu Baba Kulwa. Dotto akaondoka bila kuaga. Kisha rafiki yangu akanishika mkono, akaniomba Jumamosi nikae naye mlangoni, gari likifika nimwambie, ili amzuie mwenyewe.

Nimemjibu, "Sawa, nitakuja."

Matusi yenu nitayapokea, nimeyafanyia kazi. Ila mkishamaliza kunitukana nisaidieni mawazo. Nimwambie kesho tukiwa wawili, anifukuze kimya kimya? Au nisubiri yule mama ashuke kwenye gari, niseme mbele yake na mbele ya wanawe? Maana yeye ndiye niliyemwambia atuachie wataalamu. Leo ni Alhamisi.