Tumbaku Ambayo Haikupitia Bandarini

Leo asubuhi mama alinituma kifungo cha shati la baba. Vifungo vyetu hukaa ndani ya kopo la zamani la tumbaku, lenye picha ya meli kwenye mfuniko, na nilipolifungua nikasimama palepale kama mtu aliyeitwa. Harufu bado imo. Si kali kama zamani, lakini imo. Ndiyo maana sasa nimejifungia chumbani likizo hii na kalamu yangu, maana mambo ya kusema kwa mdomo hunishinda, wewe unanijua, ila kwenye karatasi huwa siogopi.

Basi nikurudishe nyuma kidogo, nilipokuwa ningali katika shule ya msingi. Tuliishi hapahapa, kwenye landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, Nakuru. Wakati wa kiangazi upepo ulileta vumbi jeupe kutoka ziwani, tukawa tunakung'uta mablanketi mara kwa mara. Kazi yangu ilikuwa kupepea jiko la makaa pale mlangoni, kuchambua mboga za kunde, na kumpelekea nyanya kijinga cha moto cha kuwashia kiko. Nyanya hakupenda kiberiti. Alisema kiberiti kinaharibu ladha.

Nyanya, mama yake baba, alikuja kutoka kwetu magharibi akiwa amefungasha tumbaku ya nyumbani, ile nyeusi inayosokotwa kama kamba. Baba hakuipenda. Yeye alikuwa karani wa stesheni, anavaa tai, na majirani walikuwa wakifunga madirisha nyanya akivuta. Kwa hiyo akaanza kumnunulia tumbaku ya kopo kutoka Uingereza, laini, yenye harufu ya matunda makavu. Nyanya aliivuta bila kulalamika. Mara moja tu nilimsikia akimwambia mama kwamba ile tumbaku ni kama uji usio na chumvi, lakini mtoto akikupa uji, unakunywa.

Sasa shangazi, dada mdogo wa baba, alikuwa amepata mchumba, kijana wa kwetu aliyefanya kazi kwenye kinu cha ngano kule Njoro. Shangazi alikuwa mshonaji, mcheshi, na wenzake wote walikuwa wameshaolewa. Alimpenda yule kijana waziwazi mpaka mimi niliona haya kwa niaba yake. Na kwetu kuna desturi hii: wageni wa posa hawasemi neno kabla mzee wa nyumba hajawasha kiko kwa tumbaku waliyoileta wao. Moshi ukipanda, maneno yanaanza. Mzee akiiweka kando bila kuiwasha, wageni wanakunywa chai yao na kurudi walikotoka. Nyumbani kwetu mzee alikuwa nyanya, maana babu alikuwa amekwisha kufariki.

Baba akatuma neno Njoro kwamba walete kopo la meli, si kingine. Wakati ule halikuwa jambo kubwa. Makopo yalikuwa yamepangwa dukani kama matofali.

Halafu serikali ikapandisha ushuru wa vitu vya ng'ambo. Sisi watoto hatukujua ushuru ni nini, tuliona tu makopo yakipungua rafuni, kisha yakahamia chini ya meza. Shangazi alinichukua twende kuuliza. Mwenye duka, Mhindi mzee aliyenipa peremende kila mara bila kunilazimisha niseme asante kwa sauti, alitueleza taratibu. Tumbaku ikishuka melini Mombasa, forodha inataka chake kwanza, na sasa inataka kingi kuliko zamani. Yeye akiagiza nyingi, itamlalia dukani. Kwa hiyo anaagiza kidogo, na hicho kidogo wazungu wa mashamba ya Njoro na Rongai wamekwisha kukiwekea oda, na wao pia wananung'unika.

"Na ya Uganda, je?" shangazi akauliza.

"Hiyo haipiti bandarini, dada, kwa hiyo bei yake ni nzuri. Lakini si ya kopo la meli."

Tulirudi nyumbani. Nyanya alipoelezwa, alitoa kiko mdomoni. "Huyo ushuru anavuta kiko?"

Baba akasema hapana, mama, ni kodi tu.

"Kama havuti, mbona anamaliza tumbaku yangu?"

Tulicheka wote, hata baba, lakini neno lake hakulibadilisha. Mama alimwomba. Shangazi alimpigia magoti. Baba akajibu kwamba mtu mzima hali matapishi yake, na kwamba watu wanaoheshimu nyumba hutafuta njia. Nadhani aliogopa kuonekana kama amewaonea huruma. Siku zile nyanya alikaa na kiko kisicho na kitu, akikinyonya hivyohivyo, na shangazi alishona nguo za watu huku sindano ikimchoma vidole.

Wageni walikuja Jumapili baada ya kanisa. Alikuja yule kijana, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, pamoja na mjomba wake. Mimi na shangazi tulikuwa nyuma ya pazia la jikoni, kwenye harufu ya maandazi na maziwa yaliyochemka. Mjomba akatoa mfukoni kopo na kuliweka mezani. Meli ikaonekana. Niliona mabega ya baba yakishuka kwa raha. Shangazi akashika mkono wangu.

Nyanya akafungua mfuniko, na harufu ikafika mpaka kwetu. Haikuwa ya matunda makavu. Ilikuwa ile nyingine, nzito, ya moshi wa jikoni na mvua. Shangazi akanibana mkono mpaka nikauma midomo nisilie. Kule sebuleni mjomba alikuwa akitoka jasho.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "kopo nililiokota kwa mzungu. Ndani ni..."

"Sijakuuliza kopo," nyanya akamkata.

Alikata kipande, akakisugua viganjani, akajaza kiko. Halafu akaita jina langu. Mimi! Nilitoka nyuma ya pazia na kijinga changu, macho chini, nikamshikia moto. Moshi ulipanda bluu na kujaza chumba kizima. Mchumba akakohoa. Baba akafungua kinywa, "Mama, hiyo si..."

"Nyamaza, mwanangu. Navuta."

Akavuta tena, macho kafumba. Kisha akamgeukia mjomba. "Shamba la nani?"

"La mama yangu. Nyuma ya zizi la ng'ombe."

"Nilijua. Inanuka ng'ombe." Akacheka, na mjomba akacheka kama mtu aliyeachiliwa rumande. "Hii haikumsalimu mtu bandarini. Imetoka kwetu ikaja kwangu. Haya, anzeni maneno."

Niliporudi nyuma ya pazia, shangazi alikuwa amekaa chini sakafuni kando ya maandazi, ameweka uso ndani ya aproni. Baba, nikwambie ukweli, alikunywa chai vikombe vingi bila kumtazama mtu. Lakini maneno yalipokwisha na mjomba kuinuka aondoke, alimsindikiza mpaka njia panda, na nikamsikia akimwuliza kama mama yake anaweza kupata zaidi kidogo.

Tangu hapo ile tumbaku nyeusi ilikuja kila mara mjomba alipotoka nyumbani, na nyanya akaitia ndani ya kopo la meli. Majirani wakafunga madirisha, baba akafungua yetu. Shangazi sasa yuko Njoro, ana mapacha, na bado anasimulia kisa hiki akiigiza sauti ya nyanya vizuri kuliko mimi.

Nyanya tulimzika mwaka jana, kwetu. Kiko walikizika naye. Landhi imekuwa safi sana bila moshi wake, mama amepaka kuta chokaa, na majirani hawafungi tena madirisha. Makopo ya meli yamerudi rafuni kwa mwenye duka, bei ikiwa ileile ya juu, watu wameizoea tu. Baba havuti, hakuwahi kuvuta, lakini tukipita pale husimama kidogo kuyatazama, kisha huninunulia peremende ingawa nimeshakuwa mkubwa.

Kifungo nilikipata. Kabla ya kufunika nilinusa mara nyingine, kule kwenye pembe za mfuniko ambako harufu imejificha, nikafunga upesi nisiimalize.