Taya Lililovunjika Kwenye Tamthilia

Mimi ni muuguzi katika wodi ya watu walioumia uso, hospitali moja katikati ya jiji. Mwaka juzi jirani yangu pale Kileleshwa, anayeandika tamthilia za televisheni, aliniomba nikamkagulie onyesho moja. Walikuwa wamekodi nyumba Loresho na kugeuza chumba kimoja kuwa wodi.

Nilimkuta mwigizaji amelala, uso mzima umezungushiwa bendeji, macho tu ndiyo yanaonekana. Katika hadithi, jana yake alikuwa amevunjika taya na mfupa wa shavu. Sasa alikuwa akimbembeleza mchumba wake asimwache, ukurasa mzima, bila kukwama.

"Sista, unaonaje?" mwongozaji akaniuliza.

"Jana taya na shavu vimevunjika, leo anahubiri?"

Wakacheka. Jirani yangu hakucheka, alitafuta kalamu. Nikawaeleza kwamba kwanza tunahakikisha mtu anapumua. Uso huvimba mpaka jicho linajifunga, na mara nyingi upasuaji husubiri siku kadhaa uvimbe upungue. Daktari huunga mifupa kwa vibamba vidogo vya chuma na skrubu, na wengine hufungwa meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya, wiki kadhaa. Kando ya kitanda tunaweka koleo la kukatia waya, ili akitapika tuukate haraka asipaliwe. Bendeji kama ile sijawahi kuifunga.

Mwigizaji akaivua. "Sasa nitaongea aje?"

"Uma meno, halafu sema."

Akauma meno. Ukurasa wote ukamshinda, likatoka neno moja tu, "Usiende," pamoja na mate. Msichana aliyeigiza mchumba akamfuta mdomo kwa kiganja bila kuambiwa. Mwongozaji akayakata maneno mengine yote.

Kipindi kilipotoka nilikitazama kwa dada yangu mkubwa, anayeishi mtaa wa Kabiria, Jumapili baada ya kanisa.

"Mbona huyu amevimba hivi?" akalalamika. "Si wangemfunika tu?"

"Ndivyo wanavyokuwa, dada."

Akamtazama mgonjwa akinywa uji kwa mrija, kidogo kidogo.

"Na nani huwa anawapea huo uji?"

"Mimi."

Akanigeukia. Miaka yote hiyo alijua nafanya kazi hospitali, basi. Alipunguza sauti ya televisheni akaanza kuniuliza maswali, na nilimjibu mpaka jioni, nikifurahi kuulizwa.