Tambi Hazimsubiri Mtu

Mpishi wa kijiji kimoja cha kilimani hakai chini wageni wakila. Husimama mlangoni mwa jiko, mikono yenye unga ameikunja kifuani, akitazama tonge la kwanza. Tambi huzitia majini akishasikia nyayo kwenye ngazi za mawe. Mtu husubiri tambi, asema, tambi hazimsubiri mtu. Ornella, anayetembeza wageni vijiji vya huko, humwogopa kuliko kona za barabara. Mwaka jana mgeni alizikata tambi kwa kisu, tusi kubwa kwa mpishi huyo, kundi zima likatolewa na njaa yake. “Akitokea mwingine, binti,” mpishi alimwambia Ornella, “usiniletee tena mtu.” Na Ornella hana jiko jingine la kuwapeleka.

Leo mzee Halvard, mmoja wa wageni wake, ameshika kisu. Ornella anamkonyeza, mzee haoni, anakata. Mpishi anakuja mbio, anainyakua sahani. Ndipo anapouona mkono wa mzee, uma ukitetemeka hadi unagonga glasi. Anaingia jikoni. Anarudi na tambi alizozikatakata mwenyewe, na kijiko. Kisha anavuta kiti, anakaa kando ya mzee.

“Unatazama nini, binti? Zako zinapoa.”