Mninga au Mkurungu

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu Ufipa, niliogopa mti mmoja kuliko nilivyomwogopa fisi. Mti huo ni mkurungu, ndugu yake mninga. Yote miwili ukiitia panga hutoa utomvu mwekundu kama damu, ila Bibi alituambia kwamba mninga humwongezea damu aliyepungukiwa, na mkurungu humnyonya hata ile aliyonayo.

Mwaka ule biashara ilikuwa imeachwa huru, na malori ya wanunuzi wa mbao yakaanza kushuka mteremko wa kwenda Milepa. Mwaka huohuo Mama alimzaa mdogo wangu akapoteza damu nyingi. Zahanati walimpa vidonge, lakini midomo ilibaki myeupe. Bibi, mama yake mzazi, akanichukua twende kutafuta gome. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, hivyo mimi ndiye niliyepaswa kuutambua mti.

"Gome la mninga limepasukapasuka kama ngozi ya mamba," alinielekeza njiani. "Tunda lake kubwa, la duara, katikati lina miiba. La mkurungu ni dogo."

Tulikuta visiki. Mti uliobaki haukuwa na jani hata moja, maana kilikuwa kiangazi, na chini upepo ulikuwa umechanganya matunda makubwa na madogo. Nilipapasa gome. Limepasuka, ndiyo, lakini kama mamba?

"Ndio wenyewe?"

"Sijui, Bibi." Nikaanza kulia.

Hakunigombeza. Alibandua gome mwenyewe, utomvu ukimchuruzika vidoleni, tukarudi.

Nyumbani alilichemsha, kisha akajimiminia yeye kikombe cha kwanza.

"Nikianza kutoka damu," aliniambia, "mwaga chungu chote. Mama yako asionje."

Akaketi mlangoni. Nilikaa mbele yake nikimkodolea macho puani, mdomoni, hadi kwenye kucha. Akikohoa, nainuka kukiendea chungu. Mama aliomba dawa kutoka ndani. Bibi akamwambia asubiri kidogo. Ng'ombe wa jirani zetu Wasukuma walirudi kutoka malishoni, Bibi bado ameketi. Ndipo akasema, "Haya, mpelekee."

Mama alipona. Kama ni gome au ni vidonge, siwezi kuapa. Nimesikia pia watu wakisema mkurungu hauna ubaya wowote. Huenda. Lakini Bibi aliamini kabisa kuwa kikombe kile kingeweza kumuua, na akakinywa. Mchana ule nilidhani mwenye hofu ni mimi peke yangu. Nilipokuja kuzaa binti yangu ndipo nilipoijua hofu ya Bibi.